Kibuyu cha Baba Mkwe

Siku Ambilikile alipochukuliwa kwenda kuwabebea askari wa Mjerumani mizigo, hakujililia mwenyewe. Wenzake walikuwa wanapangwa mstari kwenye njia ya Ipinda, wanasukumwa huku na huku kama mbuzi wa mnada, naye akapenya katikati yao akamshika mama yake mkono.

"Mama, Tusekile ana mimba. Nikirudi usije ukaniambia yale tuliyoambiwa kwa Neli."

Mama yake, Angetile, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hakuyarudia. Alimtazama mwanawe machoni akasema, "Utamkuta mkeo mzima. Nakuahidi mimi niliyekuzaa."

Sasa balaa lilianzia hapo, kama unataka kujua. Baadaye watu wa Ngonga walipoisimulia habari hii walimtafuta mbaya wao, maana watu hawapendi habari isiyokuwa na mbaya, wakasema yule mama mkwe alikuwa na roho ya kutu. Uongo mtupu. Angetile alimpenda mkamwana wake kupita kiasi. Afadhali ingekuwa chuki, kwa sababu mtu akikuchukia unaweza kurudi kwenu. Anayekupenda utamkimbia uende wapi, na kwa sababu ipi?

Neli alikuwa binti yake wa kwanza. Alipopata mimba, Angetile alimlisha. Alimlisha hasa: ndizi na maharage asubuhi, maziwa mgando mchana, samaki jioni, na akikataa alibembelezwa mpaka amalize. Neli akanawiri hadi bangili zikambana mikononi. Kila aliyepita alisema binti wa Angetile anang'aa. Kisha uchungu ukamshika, ukamshika siku baada ya siku, mtoto asitoke, na mwishowe mama na mwana wakazikwa pamoja. Pale msibani, Angetile alimsikia bibi mmoja nyuma yake akimnong'oneza mwenzake, "Kwa alivyolishwa yule, mtoto alinenepea tumboni akakosa njia."

Maneno yale yalimwingia yakakaa. Hakumuuliza mtu, hata mkunga aliyekuwa ndani na Neli hakumuuliza. Alikuwa amekwisha kujihukumu, mashahidi wa nini tena.

Basi Ambilikile alipoondoka, Angetile alifunga nyumba yake upande wa wazee, akamwacha mumewe kwenye boma lake, akahamia kwa mkamwana, upande wa vijana, maana kwa Wanyakyusa wakati ule wana waliooa walikaa kijiji chao, mbali kidogo na baba zao. Alihamia na jembe lake, mkeka wake na nia moja tu. Mtoto huyu atakuwa mdogo. Atateleza atoke, na mama yake atabaki.

"Kula kidogo, mwanangu," alimwambia Tusekile, akimpunguzia ndizi kwenye sahani. "Ukimpa huyo wa tumboni kila anachotaka, atakuua."

Tusekile hakubisha. Alikuwa msichana wa Kikisi, wa kule Ikombe ziwani ambako wanawake wanafinyanga vyungu, na alipoolewa Ngonga rafiki yake wa kwanza alikuwa Neli. Sauti ya Neli akilia ndani siku zile za uchungu alikuwa bado nayo masikioni. Akaambiwa samaki si wazuri kwake, akaacha samaki. Akaambiwa maharage yanamnenepesha mtoto, akaacha maharage. Alikunywa uji mwepesi, akashika jembe, akafuata maji mtoni, na njaa ilipombana akajikaza.

Na sasa niseme habari ya maziwa, maana yote yako hapo.

Kila asubuhi Aliko, mume wa Angetile, alikamua ng'ombe wake mwenyewe akajaza kibuyu. Angetile alipofika kumjulia hali, alimkabidhi. "Mpelekee mkamwana," alisema, basi, hana la kuongeza. Asingeweza kumpelekea mwenyewe. Baba mkwe na mkamwana hawaonani, hawasemezani, hawatajani majina. Tangu Tusekile aolewe, Aliko hakuwa ameuona uso wake. Akisikia anakuja njiani, mzee wa watu anaingia migombani na kugeuka. Naye Tusekile akipita karibu na boma la mzee anajifunika nguo kichwani na kutazama chini, asione nyumba wala ng'ombe wala mwenye ng'ombe. Hiyo ndiyo heshima, na waliishika wote wawili bila kulegeza. Kile kibuyu kilikuwa salamu pekee ambayo mzee angeweza kumtumia mke wa mwanawe, na wa kukipeleka alikuwa mmoja tu.

Huyo wa kukipeleka alipitia kwanza kwenye nyumba yake iliyofungwa. Huko alikuwa na kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Alimimina, akayasukasuka kwa siku zake, siagi ikitoka anaichemsha, na samli anaihifadhi kwenye chungu kizuri cha Kikisi alicholetewa na mama yake Tusekile siku ya harusi. Mtindi uliobaki aliwapa watoto wa jirani. Yeye mwenyewe hakunywa hata funda moja. Samli yote ilikuwa ya Tusekile, ya kula akishajifungua, na ya kumpaka mtoto. "Akishatua mzigo wake," alikuwa akijisemea huku anafunika chungu, "atakula mpaka aseme basi." Haya, mtu wa namna hiyo utamwita mwizi?

Mara moja tu Tusekile aliuliza kama kwa baba kuna maziwa. Angetile alimjibu kwamba askari wamechukua ng'ombe. Askari walikuwa wamechukua wawili kweli, kwa ajili ya nyama ya safari. Hakusema wawili. Na Tusekile, ambaye haruhusiwi hata kuinua macho akipita pale, angejuaje?

Masika yalipoanza, mama yake Tusekile alikuja. Jina lake Anyisile. Alikuwa ameleta vyungu kwa mtumbwi kubadilishana na mahindi, akakanyaga tope kutoka ziwani hadi Ngonga kumwona mwanawe. Alimkuta Tusekile amekaa mlangoni, ana kipande cha kigae mkononi, anakimega na kutafuna. Anyisile alimnyang'anya kile kigae, akaushika mkono wa mwanawe juu ya kiwiko, vidole vyake vikauzunguka vikakutana.

"Dada Angetile," alisema, "mwanangu amekuwa fito."

"Yuko salama. Tumbo lake ni dogo, zuri."

"Tumbo hilo dogo ndilo linanitia hofu. Mama hana kitu mwilini, huyo wa ndani anakwenda kula wapi? Kwa jirani?"

Angetile hakukasirika. Alijibu polepole, "Mimi nilizika aliyeshiba."

Ukiambiwa hivyo na mama aliyezika unamjibu nini? Anyisile alikaa siku ile na ya pili yake, akamwomba mwanawe waondoke wote kwenda Ikombe akajifungulie huko, lakini Tusekile alikataa, akasema mume wake amemwacha mikononi mwa mama yake na hapo ndipo atakapomkuta. Basi Anyisile akaacha kikapu cha usipa wakavu, vile visamaki vya ziwani. "Mpe yeye," alimwambia Angetile. "Nakuomba sana." Mtumbwi wake haujafika mbali, Angetile akakitundika kile kikapu juu ya meko. Kilikuwa cha baada ya kujifungua, nacho.

Siku moja asubuhi Tusekile alikuwa ametangulia na mtungi wa maji kichwani, Angetile yuko nyuma yake, wanapita kando ya migomba ya Aliko. Mzee alisikia watu wanakuja akaingia migombani akageuka. Tusekile alipita amefunika kichwa. Alipokwisha kupotea kwenye kona, Aliko alitoka na kibuyu chake.

"Huyu aliyekutangulia ni mtoto wa nani?"

"Mtoto gani?" aliuliza Angetile.

"Amepita sasa hivi. Nyayo nyepesi, hata tope halikulia. Nilidhani ni mkamwana, lakini mkamwana na mzigo alionao angekuwa anakanyaga kwa uzito."

Hapo ndipo Angetile angeweza kusema. Angesema tu, ni yeye, na mzee yule mpole angepiga kelele mpaka kijiji kizima kikaja, na pengine leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini mbele ya macho yake aliona kaburi la Neli, na bangili zile zilizobana.

"Ni binti wa jirani," alisema. "Mkamwana yuko nyumbani, amepumzika."

"Vizuri. Apumzike." Aliko akampa kibuyu. "Mwambie haya ni ya yule ng'ombe mweusi, mazito."

Angeweza kugeuza shingo akamwona kwa macho yake. Lakini alikuwa mzee mwenye adabu zake, hakugeuka.

Uchungu ulimshika Tusekile kabla mwezi wake haujatimia, mchana, mvua ikinyesha mpaka maji yanaingia chini ya mlango. Mkunga aliitwa, yule yule wa Neli. Angetile alikaa nyuma ya mkamwana akamwegemeza kifuani. Alikuwa anangoja zile siku za Neli zianze. Hazikuanza. Kabla mvua haijakatika mtoto alikuwa ameteleza ametoka, na mama yake anahema, yu hai, anaomba maji.

Angetile alilia kwa furaha. Sitakudanganya, ile ilikuwa furaha ya kweli, hakuwa ameipata nyingine tangu amzike binti yake. Alimpangusa Tusekile jasho, akamwita mwanangu, mwanangu, akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Kyala," mara nyingi bila kukoma. Ilimchukua muda kuona kwamba mkunga hasemi neno.

Mkunga alikuwa na mtoto kwenye kiganja. Kiganja kimoja kilimtosha. Alikuwa wa kiume, ngozi imekunjamana usoni kama ya babu, miguu minene sawa na kidole gumba cha mtu mzima. Alilia kwa kasauti kadogo kisha akaacha, amechoka.

"Mbona mdogo hivi?" aliuliza mkunga.

"Mdogo ndiyo salama," Angetile alisema. "Ndiyo maana ametoka. Si kama wa Neli."

"Wa Neli?" Mkunga alimgeukia. "Mtoto wa Neli alikuwa amekingama tumboni, akatanguliza mkono. Hata angekuwa mdogo kama huyu asingepita. Chakula kinaingiaje hapo?"

"Walisema alilishwa sana."

"Walisema akina nani? Walikuwa ndani? Mimi nilikuwa ndani, Angetile. Neli alikuwa na nguvu zake. Zile siku zote alizopigana, alizipigana kwa sababu alikuwa ameshiba."

Angetile alikaa pale pale, kifua chake bado kimeegemewa na Tusekile, mwepesi yule, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi alivyokuwa mwepesi. Alihisi mbavu zake kwenye kifua chake mwenyewe, moja moja.

Walimwita mtoto Ipyana. Angetile alishusha kikapu cha usipa kutoka juu ya meko. Alileta kile chungu cha samli. Alileta kibuyu cha maziwa moja kwa moja, bila kupitia popote, akamwambia Tusekile kwamba ng'ombe wamerudi. Alipika ndizi, alipika maharage, akamlisha mkamwana kwa mkono wake mwenyewe. Lakini tumbo lililozoeshwa njaa kwa miezi halijazwi kwa siku moja. Tusekile alikula kidogo akatapika, akajaribu tena, akatapika tena, huku anaomba radhi kwa kutapika. Maziwa ya kifuani yalitoka matone tu. Na hata hayo matone Ipyana hakuwa na nguvu ya kuyavuta. Alikuwa anashika ziwa, anavuta mara mbili tatu, analala.

Mvua haikuwa na huruma. Walimweka mtoto kati ya maziwa ya mama yake wakawafunika wote kwa ngozi na mgolole, wakawasha moto mchana kutwa, na bado miguu yake ilikuwa baridi. Angetile alimpaka samli mwili mzima, taratibu, akiogopa kumvunja. Alichovya kidole kimoja tu kwenye chungu na kikatosha. Chungu kizima, kazi ya miezi, na mtoto wa kupakwa alikwisha kwa kidole kimoja.

Akamkamulia tone tone mdomoni kwa ncha ya jani. Akamwimbia nyimbo alizomwimbia Ambilikile. Akamwambia, kwa sauti ya chini ili Tusekile asisikie, "Nisamehe, kula. Sasa kula, babu, kula unavyotaka." Siku mbili tatu alidhani anamsikia.

Asubuhi moja Tusekile alisema, "Mama, hebu mshike, naona amelala sana." Angetile alimshika. Akajua hata kabla hajamfunua.

Wanawake walimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba, kwenye udongo uliolowa. Kichanga hakiwekewi msiba mkubwa. Watu walikuja wakasema pole wakaenda zao shambani, maana maji yalikuwa yanachukua mahindi. Tusekile alilia bila sauti. Angetile hakulia kabisa, na waliomwona walisema ana moyo mgumu. Alikuwa anaumia kiasi kwamba hakujua aanzie wapi.

Kesho yake Aliko alimwita mkewe. Alikuwa amekaa nje ya boma lake, hajakamua bado, ndama wanalia.

"Mama Ambilikile," alisema, "wamenieleza jinsi mtoto alivyokuwa. Nimewaza usiku kucha. Nenda kamuulize mkamwana, kwa heshima zote: maziwa yangu yalikuwa na kasoro gani?"

"Nimempelekea kila siku tangu Ambilikile aondoke," mzee aliendelea. "Mtu anayekunywa maziwa hayo kila siku hazai mtoto wa vile. Labda yule mweusi alikula majani mabaya kule mabondeni. Labda ni mimi niliyemuua mjukuu wangu. Kamuulize yalimkaaje tumboni. Akisema yalikuwa machungu, ng'ombe namchinja leo."

Angeweza kusema palepale. Alifungua mdomo. Lakini alikuwa ametumwa, na miguu yake iliyozoea njia ile ikamchukua kabla ulimi haujapata neno. Alitembea kwenye tope mpaka kwa mkamwana. Njia nzima alikuwa na uongo wa kujibu, tena uongo mzuri: angerudi tu aseme mkamwana hana la kusema, amejaa majonzi. Nani angejua?

Tusekile alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Angetile alipiga magoti kando yake. Na badala ya kunyamaza akajikuta anauliza, kwa sababu swali lilikuwa la mzee, na heshima ile alikuwa ameishi nayo maisha yake yote. "Baba yako anauliza. Anasema, maziwa yake yalikuwa na kasoro gani?"

Tusekile aligeuka. Macho yake yalikuwa makubwa kwenye uso uliokwisha. Alifikiri, kama mtoto mwenye adabu anayetaka kujibu vizuri.

"Mwambie baba hayana kasoro. Tangu nijifungue nimeyanywa, ni mazuri sana. Mwambie nashukuru." Akageuza uso tena ukutani. "Laiti ng'ombe wangerudi mapema."

Angetile alirudi. Sijui alitembeaje. Aliko alikuwa amesimama sasa, ameshika nguzo ya boma, na kisu cha kuchinjia kilikuwa kimewekwa chini karibu na mguu wake.

"Amesemaje?"

"Anashukuru. Anasema maziwa ni mazuri." Pale angeweza kuishia, na mzee angeokota kisu chake akakirudisha ndani, ameridhika nusu. "Anasema laiti ng'ombe wangerudi mapema."

"Warudi kutoka wapi?"

Basi akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia maneno ya msibani kwa Neli hadi chungu cha samli. Alimwambia ya usipa juu ya meko, na ya yule mtoto wa jirani mwenye nyayo nyepesi. Hakujitetea. Alipofika mwisho alikaa chini kwenye matope, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, cha Neli na cha Ipyana kwa pamoja. Aliko hakumpiga, wala hakumfukuza. Alisema, "Aliyepita siku ile alikuwa yeye," akaingia kukamua.

Alipotoka alikuwa na kibuyu kimejaa. Angetile aliinuka akanyoosha mikono kukipokea, kwa mazoea. Mzee alimpita.

Alikwenda mwenyewe mpaka karibu na mji wa mkamwana, mahali ambapo baba mkwe hakanyagi. Alikiweka kibuyu katikati ya njia, juu ya jani la mgomba lisiguse tope. Kisha akaingia migombani, akageuka, akakohoa kwa sauti.

Tusekile alitoka akijishikilia ukutani. Alijifunika nguo kichwani, akapiga magoti mbele ya kibuyu, akakiinua kwa mikono miwili akanywa pale pale, taratibu, akipumzika kila baada ya funda. Kule migombani mzee hakusogea mpaka aliposikia kibuyu kinawekwa chini kitupu. Kesho yake alikileta tena, na siku zote zilizofuata.

Angetile alikuwa amesimama mbali, kwenye kona ya njia, anatazama. Mwanawe alikuwa bado huko kwenye mizigo ya askari, na kama angerudi angemkuta mkewe mzima kama alivyoahidiwa. Hakuna aliyemtuma kitu tena asubuhi ile, akaenda nyumbani kwake, alikokirudisha kile chungu cha samli baada ya maziko, akakifunika, kingali kimejaa.